Gari la Marehemu Baba: Urithi au Chuma Chakavu?

Katika nyua nyingi za jamaa zetu walioko Nairobi, toka Kileleshwa na Lavington hadi Dagoretti, hukosi kuona gari la zamani lililofunikwa turubai. Aghalabu huwa ni la marehemu baba. Watoto hawaliendeshi, wala hawako tayari kuliuza. Likitajwa, mmoja husema ni klasiki na thamani yake yapanda. Mwengine husema ni kutu tupu. Wote wawili husema bila ya kipimo, na hilo ndilo linalozua ugomvi siku ya kugawa mirathi.

Kipimo kipo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, huhesabu gari kuwa la kihistoria likiwa limetimiza angalau miaka 30, limehifadhiwa katika hali yake ya asili, na halitumiki kwa safari za kila siku. Umri, basi, ni sharti la kwanza tu. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8. Gari la miaka 9 hukataliwa bandarini Kilindini kwa uzee, ilhali la miaka 50 laweza kushangiliwa Nairobi. Lililolipa la pili heshima si miaka, bali ni utunzaji.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho yake na aende Ngong Racecourse, kwenye Ngong Road, siku ya maonyesho ya Concours d'Elegance, ambayo huandaliwa na klabu ya wamiliki wa magari ya Alfa Romeo, kwa kawaida mwezi wa Septemba. Huko waamuzi hulikagua gari nje na ndani: rangi, viti, injini, na usafi wa pahala ambapo jicho la mpita njia halifiki. Gari lililong'arishwa bodi tu halifiki mbali.

Sharti la asili ndilo linalowashinda wengi. Pale Kirinyaga Road, ambapo wazee wangali wakipaita Grogan, fundi hodari aweza kulitia gari la Kifaransa injini ya Kijapani, nalo likaenda vyema. Kwa mwenye kutafuta riziki, hiyo ni busara wala si aibu. Lakini gari hilo limeshaacha kuwa lile lililotoka kiwandani. Sisi watu wa pwani tunalifahamu jambo hili kwa milango yetu ya nakshi: fremu ya kale ikitiwa ubao wa kisasa, nyumba hufungika, lakini mlango ule haupo tena.

Kisha kuna historia. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na Peugeot 404 likashinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake, 504, likashinda 1975 na 1978. Kwa hivyo Peugeot kuukuu hapa kwetu lina kisa ambacho magari mengi hayana. Joginder Singh naye, aliposhinda mwaka 1965, aliendesha Volvo lililokwisha kutumika. Halikuwa jipya, bali safari ile ndiyo iliyolipa jina. Basi hifadhini kitabu cha umiliki, stakabadhi za fundi na picha za zamani, kwani kisa kisicho na ushahidi hakimshawishi mnunuzi.

Lililo zito zaidi ni haki za watu. Gari la marehemu, liwe klasiki au chakavu, ni sehemu ya mali aliyoiacha. Baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia wake, ni la warithi wote, akiwemo mjane na mabinti. Mtoto wa kiume mkubwa hana ruhusa ya kulizuia kwa kuwa tu ndiye aliyekuwa akilipanda na baba. Mapenzi hayafuti fungu la mwenziwe. Na aitwe mtathmini anayeyajua magari ya kale, aseme bei yake kama lilivyo leo. Anayelitaka na awalipe wenziwe mafungu yao kwa bei hiyo. Ikiwa hakuna awezaye, na liuzwe, kila mmoja apokee chake. Wakitaka kumtolea mzee sadaka, kila mtu mzima atoe katika fungu lake kwa ridhaa yake. Mali ya mayatima isiguswe.

Basi mwezi huu funueni turubai, mkiwa pamoja. Tazameni kama injini ni ileile, kama chasisi haijaliwa na kutu, na kama karatasi zipo. Kila mwaka mnaongoja, mvua ya Nairobi hupunguza bei ya mali isiyokuwa ya mtu mmoja. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atuwezeshe kugawana kwa uadilifu walichotuachia. Amin.