Kichina cha kamusi na Kichina cha watu: shuōfǎ ya mukulima wa pilipili

Swali linarudi kila mara: mutu mwenye amemaliza chuo na anataka kujifunza Kichina, apitie njia gani? Wengi wanajibu: vitabu vya mtihani wa HSK. Ni jibu zuri. Katika mupango wa zamani wa mtihani ule, ngazi ya kwanza iliomba maneno 150, ya ine 1.200, ya sita 5.000. Unaweza kuhesabu hatua zako. Lakini hesabu ya maneno haionyeshi uzito wa neno. Na huku Lualaba na Haut-Katanga, kwenye Wachina na wakulima wetu wanakutana juu ya mashamba na migodi, uzito wa neno njo unaleta amani ao fujo. Kwa hiyo nashauri tuongeze filamu na riwaya za siku zetu. Nitatoa mifano mbili, zote za watu wa shamba, juu mimi ni mutu wa agronomia.

Ya kwanza ni filamu Qiu Ju da guansi ya Zhang Yimou, yenye ilishinda Simba ya Dhahabu kule Venice mwaka 1992. Ilitoka katika hadithi ya Chen Yuanbin. Qiu Ju ni mwanamuke mwenye mimba, wa kijiji kimoja cha Shaanxi. Jamaa yake inalima pilipili. Mume wake anabishana na mukubwa wa kijiji juu ya kibanda cha pilipili, anamutukana, na mukubwa anamupiga teke pabaya sana. Qiu Ju anapanda toka kijiji mpaka mji mukubwa, ofisi kwa ofisi, akiomba kitu kimoja: shuōfǎ.

Fungua kamusi. Shuō ni kusema, fǎ ni namna. "Namna ya kusema." Ukitafsiri vile, hadithi yote inakufa. Sasa angalia filamu: mukubwa anaambiwa alipe, anatupa noti chini ili Qiu Ju ainame na kuziokota. Qiu Ju anakataa. Hapo, bila mwalimu, umeelewa: shuōfǎ ni mutu akuambie mbele ya macho kwamba alikukosea, na kwa nini. Pesa iko kitu kingine.

Lete neno hilo kwetu. Mukulima mwenye shamba lake la mihogo limeingia ndani ya eneo la mugodi anaweza kulipwa, na kesho yake asimame tena ku mulango. Mutafsiri wa kamusi atamwambia mukubwa Muchina: "Anataka pesa ingine." Mukubwa atakasirika, na mazungumzo yamekwisha. Mutafsiri mwenye anamujua Qiu Ju atasema: anaomba shuōfǎ. Hilo neno mukubwa analijua toka kwao, na analijua na uzito wake.

Mufano wa pili ni Huózhe, maana yake "Kuishi", riwaya ya Yu Hua. Zhang Yimou aliifanya filamu mwaka 1994. Yu Hua alikuwa munganga wa meno mbele ya kuwa mwandishi, na lugha yake ni nyepesi, sentensi fupi. Hapa unapata hadithi moja kwa sikio na kwa macho.

Mule muko maneno ya jamaa ya Fugui: kifaranga kinakomaa kinakuwa bata mukubwa, bata anakuwa kondoo, kondoo anakuwa ng'ombe. Sisi watu wa kilimo tunafundisha ile ile: anza na kuku. Kwa mwanafunzi ni majina ine, jī, é, yáng, niú, na kitendo kimoja, biànchéng, kugeuka. Muundo unajirudia, unashika kwa jioni moja. Katika filamu, mutoto anauliza: na kiisha ng'ombe? Ni mwaka 1958, wakati sufuria zinayeyushwa juu ya kutafuta chuma, na baba anajibu: ukomunisti. Mutoto yule anakufa. Miaka mingi kiisha, mujukuu anauliza swali lile lile, na ukomunisti hautajwi tena. Muzee anaongea juu ya treni na ndege. Sarufi ni ile ile, inchi imegeuka.

Kitabu na filamu havifanani, na ni faida. Katika filamu, Fugui anabaki na bibi yake, mukwe na mujukuu. Katika riwaya anabaki peke yake na ng'ombe muzee. Kwa hiyo hauwezi kubahatisha ukurasa kwa sababu uliona picha. Lazima usome.

Namna ya kufanya ni rahisi. Chagua dakika tatu. Sikiliza mara ya kwanza bila kusoma. Rudia na maandishi ya Kichina chini ya picha. Kiisha sema nyuma ya muchezaji, pamoja na toni zake. Toni zisikuogopeshe: katika Lingala kokoma ni kuandika, kokóma ni kufika, na hakuna mwenye anachanganya. Mwisho, tafuta kipande kile ndani ya kitabu. Kama mega hazitoshi, chukua sauti tu.

Angalisho moja: katika Qiu Ju wanaongea Kichina cha Shaanxi, toni zake si zile za darasani. Kwa sikio, anza na Huózhe. Qiu Ju umufuate wakati sikio limekomaa, lakini usimuache.