Bafu la Kumpumzisha Mfanyakazi

Aliyekwisha kuoga maji ya moto yatokayo ardhini kule Mugara, karibu na Rumonge, anajua jinsi mwili uliochoka unavyolegea. Raha inayokaribia hiyo yapatikana hata nyumbani Buyenzi.

Lakini msianze na vigae vya kung'aa. Anzeni na njia ya maji machafu. Sakafu ishuke sentimita 2 kwa kila mita, na maji yaishie katika shimo lenye mawe, si uchochoroni kwa jirani. Dirisha liwe juu, mvuke utoke. Wekeni pipa lenye kifuniko, maana robine hukauka. Bidoni nyeusi iliyoanikwa juani tangu asubuhi hutoa maji ya uvuguvugu jioni, bila makaa.

Vigae vingoje mshahara mwingine. Sakafu ya simenti yatosha, ila isilainishwe mno, wazee wasije wakateleza.