Mfupa ukipotea kipande, pengo linazibwa na nini?

Wadau, mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Butiama. Binamu yangu ni dereva wa bodaboda. Mwaka 2023 alipata ajali, mfupa wa muundi ukatokeza nje ya ngozi. Ndugu wakampeleka kwa mzee anayeunga mifupa, akafungwa vijiti. Wiki tatu baadaye, usaha. Hospitali walisafisha na kukata kipande kilichooza. Limebaki pengo la sentimita 4.

Akaniuliza, "Kaka, eti kuna dawa ya nano inaotesha mfupa?" Nikaingia kafe nikasoma. Haya ndiyo niliyoelewa.

Mfupa hujijenga wenyewe, ila kwenye pengo kubwa seli zake hazina pa kushika. Ni kama fundi wa ghorofa: bila mirunda hafiki juu. Ndiyo maana madaktari huchukua mfupa kidogo nyongani na kupandikiza. Shida ni kwamba hautoshi siku zote, na mgonjwa anapata kidonda cha pili.

Sasa wanasayansi wanatengeneza "mirunda" yenyewe: kiunzi chenye vitundu kama sifongo ili damu na seli zipite, halafu kinayeyuka taratibu mfupa mpya ukishajaa. Humo wanachanganya chembe za nano. Nanomita 1 ni milimita 1 iliyogawanywa mara milioni moja! Kwa nini ndogo hivyo? Kwa sababu hata mfupa wetu umejengwa kwa fuwele za kalsiamu na fosfeti za ukubwa huo, kwa hiyo seli zinazikuta kama nyumbani. Wengine huongeza chembe za fedha kuua bakteria, ila zikizidi zinaua na seli. Na madini hayo yanaweza kupatikana hata kwa kuchoma mifupa ya samaki, yaani mapanki yetu haya haya ya Ziwa Victoria.

Je, yapo madukani? Ulaya bidhaa za aina hii zilianza kutumika miaka ya 2000, hasa kwa mapengo madogo kama ya taya. Kwa pengo kama la binamu, kazi kubwa bado ni majaribio. Tena kiunzi hakipandikizwi kwenye usaha.

Nilimwambia ukweli, akanyamaza. Kile kipande hakikuondoka na ajali, kiliondoka na zile wiki tatu. Jamani, mfupa ukitoboa ngozi, hospitali siku hiyo hiyo, ukasafishwe na upewe antibiotiki. Vijiti haviui bakteria.

Kwenu mtu akivunjika anapelekwa wapi kwanza? Semeni hapo chini.