Daftari Ndani ya Chipu: Linux Ilivyoingia Kiganjani

Mwaka 2000 kampuni ya Compaq ya Marekani ilianza kuuza kompyuta ya kushika mkononi iliyoitwa iPAQ, kwa bei ya takriban dola 500. Ilikuwa na skrini ya rangi, prosesa ya StrongARM ya megahezi 206 na RAM ya megabaiti 32. Kwa siku zile ilikuwa mashine ya kutamanika. Lakini betri yake ikiisha kabisa, kila kitu ulichokiandika kilipotea: namba za watu, miadi, barua. Mfumo wa Microsoft uliokuja nayo ulikaa salama ndani ya chipu ya fleshi, ila mambo ya mwenye mashine yaliwekwa kwenye RAM, na RAM isipopata umeme haishiki chochote.

Kwa nini basi yasiandikwe kwenye fleshi? Chipu hiyo, iliyobuniwa na Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba ya Japani miaka ya 1980, hutunza habari kwa kunasa elektroni ndani ya kijumba kidogo mno kilichozungukwa na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Umeme ukikatika, elektroni hubaki palepale. Tatizo liko kwenye kufuta. Huwezi kufuta herufi moja. Unalazimika kufuta fungu zima kwa mara moja, mara nyingi kilobaiti 128, kwa umeme wa nguvu unaong'oa elektroni zote zilizomo. Kila unapofanya hivyo kihami huchakaa. Fungu moja la chipu za siku zile lilihimili ufutaji kama 100,000 hivi, kisha halikutegemeka tena. Mfumo wa kawaida wa kompyuta hurudia kuandika mahali palepale kila mara. Ukiuweka juu ya fleshi jinsi ulivyo, utatoboa sehemu moja ya chipu huku sehemu nyingine ikiwa mpya.

Wakati huohuo watafiti wa Compaq katika maabara yao ya Cambridge, Massachusetts, walikuwa wakiipandisha Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, juu ya iPAQ. Kati yao alikuwemo Jim Gettys, mmoja wa waliobuni mfumo wa madirisha wa X miaka ya 1980. Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, kwa ajili ya kompyuta ya mezani. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa, ila akiugawa sharti naye aache wazi aliyoyabadilisha.

Sharti hilo ndilo lililoleta dawa ya fleshi. Kampuni ya Axis ya Sweden ilikuwa tayari imeandika JFFS, mpango wa kutunza mafaili kwenye fleshi, na kuuacha wazi kwa sharti hilo. Mwaka 2001 David Woodhouse wa kampuni ya Red Hat aliuandika upya kwa jina la JFFS2, na watu wa iPAQ wakautumia. Unafanya kazi kama daftari la madeni la muuza duka makini. Deni la mteja likibadilika, hafuti mstari wa zamani. Anaandika mstari mpya chini, na mstari wa mwisho ndio unaohesabiwa. Daftari likikaribia kujaa, anachukua ukurasa wa zamani, anahamisha madeni machache ambayo bado hayajalipwa, kisha anausafisha ukurasa ule wote kwa pamoja. Hivyo kurasa zote huchakaa kwa zamu. Na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kinachoharibika ni mstari wa mwisho tu. Iliyotangulia bado ipo. Kwangu mimi huu ni uvumbuzi unaostahili heshima kuliko skrini zote za kung'aa, kwa sababu uliifanya kompyuta ya mkononi iaminike.

Betri nayo ilikuwa na mambo yake. Kiini cha Linux, yaani programu yake kuu inayosimamia mashine, kilizaliwa kwenye kompyuta zilizochomekwa ukutani, na kilikuwa na desturi ya kuishtua prosesa mara 100 kila sekunde ili itazame kama kuna kazi, hata mwenye mashine akiwa amelala. Kiganjani huo ni ubadhirifu. Toleo la 2.6.21 la mwaka 2007 liliingiza utaratibu mwingine: kiini hupiga hesabu ya kazi ijayo itakuwa lini, kisha huiacha prosesa ilale mpaka wakati huo ufike.

Maarifa haya hayakuzikwa pamoja na iPAQ. Gettys alikwenda kusimamia programu za mradi wa One Laptop per Child, ambao kompyuta zake ndogo zilisambazwa kwa wingi katika shule za msingi za Rwanda, na zile za kwanza zilitunza masomo ya watoto kwa JFFS2 ileile. Mwaka 2008 ilitoka simu ya kwanza ya Android, nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux. Simu nyingi za mguso zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi leo zina kiini hicho.

Hata hivyo kuna jambo lililorudi nyuma, nami linaniuma. Compaq iliwasaidia waliotaka kubadilisha mfumo wa iPAQ. Maabara yake yenyewe ilitoa programu ya kuiwashia mashine na maelezo ya vifaa vilivyomo. Watengenezaji wengi wa simu za sasa hawafanyi hivyo. Kiini kiko wazi, lakini programu zinazoendesha modemu, kamera na chipu ya picha zimefungwa, na zimetengenezwa kwa toleo moja tu la kiini. Kampuni ikiacha kutoa masasisho, simu hubaki na mianya ya usalama ambayo kwingine imekwisha kuzibwa. Fundi anaweza kuiandikia mfumo upya, lakini atarudisha mfumo uleule wa zamani.

Wapo wanaopambana. Mradi wa postmarketOS ulianza mwaka 2017 kwa lengo la kuifanya simu idumu miaka 10, na umefanikiwa kuwasha Linux ya kawaida kwenye simu nyingi zilizotupwa. Baadhi zinawaka vizuri, zinashika Wi-Fi, zinafungua kurasa, ila haziwezi kupiga simu wala picha, kwa kuwa hakuna aliyeeleza hadharani jinsi ya kusemezana na modemu na kamera zake. Serikali na shule zinazonunua vifaa kwa maelfu zina uwezo wa kudai maelezo hayo kabla ya kutia saini mkataba. Mnunuzi wa simu moja hana nguvu hiyo, lakini anaweza kumuuliza muuzaji swali ambalo baadhi ya kampuni hulijibu kwa maandishi: simu hii itapata masasisho ya usalama mpaka mwaka gani?