Mtoto ameruka mazoezini, kesho yake hawezi kushuka ngazi: Mzazi afanye nini?

Kila mwaka maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA yanapopamba moto, wazazi wengi hukutana na jambo moja. Mtoto anatoka mazoezini jioni akiwa mzima, anakula na kulala vizuri. Asubuhi ya pili anashuka ngazi akishika ukuta, anakaa kwenye kiti taratibu kama mzee, na akiguswa paja anapiga kelele.

Wapo wazazi wanaomkataza asirudi tena uwanjani. Wapo wanaomwambia avumilie, kwa kuamini kwamba zoezi lisilouma halijengi. Pande zote mbili zinaweza kukosea.

Kinachouma ni kutua

Mazoezi ya kuruka yanayotumika kwenye wavu, kikapu, netiboli na riadha huitwa na makocha pliometriki. Yuri Verkhoshansky, kocha wa riadha wa Umoja wa Kisovieti, aliyapa umaarufu miaka ya 1960 kwa kuwataka wanariadha wake waruke chini kutoka mahali pa juu, kisha waruke tena papo hapo.

Siri yake inafanana na mpira wa manati. Msuli na kano zikivutwa haraka kisha zikaachiwa, hurusha kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana anayejikunja haraka na kuruka hapo hapo hufika juu kuliko anayeanza akiwa amechuchumaa ametulia.

Lakini wakati wa kutua, misuli ya mapaja na vigimbi hufanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa. Hapo nyuzi zake hupata michaniko midogo isiyoonekana kwa macho. Maumivu huanza saa kadhaa baadaye na hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Wengi husema ni asidi iliyobaki kwenye misuli, lakini asidi hiyo huwa imeshaondoka ndani ya muda wa kama saa moja baada ya zoezi.

Miruko haifanani

Mzazi akisikia mtoto "alirushwa", aulize alirushwa vipi. Kuruka kamba ni zoezi jepesi katika kundi hili, kwa sababu mtoto hapandi juu sana na hutua kwa vidole. Kuruka kupanda juu ya boksi nako si kuzito sana, mradi ashuke kwa kukanyaga, asiruke kurudi chini.

Miruko mirefu ya mguu mmoja na ya kuvuka vizuizi mfululizo ni mizito zaidi. Mzito kuliko yote ni ule wa Verkhoshansky, wa kushuka kutoka juu na kuruka tena, ambao yeye aliukusudia kwa wanariadha waliokwisha kujenga nguvu. Si zoezi la siku ya kwanza kwa mwanafunzi wa darasa la sita.

Mahali pa kurukia pia huleta tofauti. Katika utafiti mmoja, wanasoka walifanya mazoezi ya kuruka kwa wiki 4, wengine kwenye mchanga na wengine kwenye majani. Wa mchangani walipata maumivu kidogo zaidi ya misuli, na mbio zao ziliongezeka sawa na za wenzao. Wa kwenye majani ndio walionufaika zaidi katika kule kujikunja na kuruka haraka. Utafiti mwingine, uliofanywa kwa wanawake, ulionyesha kwamba kurukia ndani ya maji huongeza uwezo wa kuruka kama nchi kavu, kwa maumivu kidogo.

Kwa hiyo maumivu si kipimo cha zoezi zuri. Mtoto anaweza kuongeza kimo cha mruko wake bila kushindwa kuchuchumaa chooni siku tatu.

Dozi ndogo kwanza

Msuli una kumbukumbu. Ukifanyishwa zoezi lile lile mara ya pili, hata baada ya wiki kadhaa, huuma kidogo sana kuliko mara ya kwanza. Tatizo huja shule zinapofunguliwa na mtoto aliyekaa likizo nzima anaruka mara mia mbili siku moja kwenye sakafu ya saruji.

Miongozo inayotumiwa na makocha wengi humpangia mtu mzima anayeanza kutua mara 80 hadi 100 kwa kipindi kimoja, na kupumzika saa 48 hadi 72 kabla ya kipindi kingine. Mtoto aanze chini ya hapo, ajifunze kwanza kutua kimyakimya, magoti yakiwa yamekunjwa bila kuegemeana. Mzazi ana haki ya kumuuliza mwalimu mambo matatu: mtoto anaruka mara ngapi, anarukia wapi, na anapumzika siku ngapi.

Maumivu ya kawaida na ya hatari

Maumivu ya kawaida huwa kwenye nyama ya msuli, miguu yote miwili, na hupungua siku hadi siku. Kutembea taratibu, chakula cha kutosha na usingizi vinatosha. Kukandwa polepole hupunguza makali. Kunyoosha viungo hakuyazuii kwa kiasi kikubwa. Kumpa dawa ya maumivu ili arudi kuruka siku hiyo hiyo si sahihi, kwa sababu inaficha onyo.

Apumzishwe na apelekwe kwa daktari iwapo maumivu yako kwenye goti, kisigino au mfupa, yako mguu mmoja tu, yanamfanya achechemee, yanamwamsha usiku, au pana uvimbe. Watoto wanaorefuka haraka mara nyingi huumia chini kidogo ya goti au kisiginoni, mahali kano inapovuta mfupa ambao bado unakua. Kumlazimisha aruke hapo huongeza tatizo.

Dalili moja haisubiri kesho. Iwapo baada ya mazoezi makali misuli imevimba na kuuma kupita kiasi, na mkojo umekuwa wa kahawia kama chai ya rangi, mtoto awahishwe hospitali siku hiyo hiyo. Msuli ulioharibika sana humwaga kwenye damu vitu vinavyoweza kuharibu figo.

Akiwa na maumivu ya kawaida tu, hakuna sababu ya kumwachisha mchezo. Kuruka kwa kiasi huimarisha mifupa, na hakumzuii mtoto kurefuka. Apumzike mpaka aweze kushuka ngazi bila kushika ukuta, kisha arudi kwa miruko michache kuliko ile ya siku ya kwanza.