Bibi Aliyefungiwa Mlango wa Mfalme

Zamani huko Ulaya, kuchorwa juu ya farasi ilikuwa heshima ya wafalme na majemadari, kwani ajuaye kumwongoza farasi kwa hatamu alihesabiwa kuwa aweza kuwaongoza watu. Katika miaka ya 1630, Velázquez, mchoraji mashuhuri wa Hispania, alimchora Mfalme Felipe IV na mkewe, Malkia Isabel, kila mmoja juu ya farasi wake, na picha hizo zikatundikwa katika jumba la kifalme mjini Madrid.

Mwaka 1778 mchoraji mwingine, Francisco Goya, alizinakili picha hizo katika mabamba ya shaba ili zipigwe chapa. Mwaka 1783 aliitwa Arenas de San Pedro, mji mdogo chini ya milima ya Gredos, awachore watu wa nyumba ya Don Luis, ndugu yake Mfalme Carlos III. Miongoni mwa kazi alizozifanya kwa ajili yao ni picha ya mke wa Don Luis, María Teresa de Vallabriga, akiwa juu ya farasi.

Bibi huyu alizaliwa katika ukoo bora, lakini hakuwa wa damu ya kifalme. Walipooana mwaka 1776, Mfalme alikwisha kutoa sheria juu ya ndoa za watu wasiolingana. Kwa hiyo Bibi alikatazwa kufika mbele ya Mfalme, na watoto wake walinyimwa jina la Bourbon, wakaitwa kwa jina la mama. Don Luis alipofariki mwaka 1785, watoto waliondolewa mikononi mwake: mwana akawekwa chini ya Askofu Mkuu wa Toledo, na mabinti wawili wakapelekwa kwa watawa.

Basi yule aliyenyimwa heshima na sheria, aliipata katika picha: ameketi juu ya farasi kama malkia.

Mwaka 1797 binti yake mkubwa aliolewa na Manuel Godoy, mtu mwenye nguvu nyingi katika serikali, na mwaka 1799 watoto wakarudishiwa jina la baba yao. Picha ya mama, isiyofikia mita moja kwa urefu, imehifadhiwa katika nyumba ya Uffizi, mjini Florence, Italia. Ile amri imekwisha; Bibi angali juu ya farasi wake.