Upepo Ushukao Chini ya Wingu la Radi

Wasikilizaji, wengi hudhani kwamba adui wa eropleni ni radi tu. Yuko na mwingine: upepo ushukao na mvua, ukagonga ardhi, ukatawanyika pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni.

Tarehe 2 Agosti 1985, eropleni ya abiria ya Delta ilikuwa karibu kutua Dallas, Marekani. Kwanza upepo uliikabili kwa mbele, ukaiinua, kisha ukaikandamiza, mara ukaisukuma kwa nyuma, mabawa yakapungukiwa na nguvu. Ikaanguka kabla ya kufika kiwanjani, wakafa watu 137.

Baada ya msiba huo, viwanja vingi vya Marekani viliwekewa rada za kuutambua upepo huo. Basi rubani akiambiwa angoje, abiria asinung'unike.